Mshairi na Bendi: Maoni Yangu Kuhusu Waimbaji na Bendi za Roki za Italia

Nadhani wenyeji walionialika walitarajia nije na habari za taarabu au za tenzi. Nimekuja na Waitalia.

Hapa Malindi hilo halipaswi kumshangaza mtu. Tangu miaka ya 1960, Italia ilipoanza kurusha setilaiti kutoka majukwaa ya San Marco kule Ngomeni, mji huu umeishi na Waitalia, na wamo humu ndani watu ambao Kitaliano chao ni kizuri kuliko Kiingereza chao. Tatizo ni kwamba muziki wa Italia tunaousikia ni ule wa mahotelini, wa kumsindikiza mgeni na sahani yake ya kamba. Huo leo siugusi. Nataka kusema juu ya muziki ambao Waitalia wenyewe waliugombania, wakati mwingine kwa mabomu ya petroli.

Kusudi langu ni moja. Katika miaka ya sabini kulikuwa na kambi mbili. Upande mmoja walikuwa cantautori, yaani watunzi wanaoimba tungo zao wenyewe, aghalabu na gitaa tu. Upande wa pili zilikuwa bendi za roki, zenye vinanda vya umeme, fidla, na nyimbo za dakika kumi. Wapenzi wa kambi hizi walibezana sana. Nitadai kwamba kila kambi ilipungukiwa na kile hasa ambacho nyingine ilikuwa nacho, na kwamba kazi bora kabisa ya kizazi kile ilipatikana zilipopanda jukwaa moja. Hayo ni maoni yangu, na mtu asiyaulize yametoka chuo gani. Hoja zangu ni nne, wala sitazipa muda sawa.

Hoja ya kwanza: Mtunzi aliposhika maikrofoni

Tamasha la Sanremo lilianza mwaka 1951, na kwa miaka mingi kazi pale iligawanywa kama ilivyogawanywa hapa kwetu. Mmoja aliandika maneno, mwingine akatia sauti, wa tatu akapanga ala, kisha akaja mwenye koo tamu akaimba. Wazee mnaukumbuka utaratibu huo. Juma Bhalo aliimba tungo za Ahmad Nassir, na hakuna aliyeona kasoro mshairi kuwa mmoja na mwimbaji kuwa mwingine.

Italia mambo yalianza kugeuka mwaka 1958, Domenico Modugno aliposhinda Sanremo kwa wimbo alioutunga pamoja na Franco Migliacci, ule ambao dunia nzima inauita Volare. Lakini mageuzi yenyewe hasa yalitoka Genova, mji wa bandari, uliokuwa umetega sikio kwa nyimbo za Kifaransa, kwa Georges Brassens na Jacques Brel. Huko walitokea Gino Paoli, Umberto Bindi, Luigi Tenco, Fabrizio De André na Bruno Lauzi. Huyu Lauzi, kwa faida ya wanaopenda kujua nani kazaliwa wapi, alizaliwa Asmara mwaka 1937, Eritrea ilipokuwa chini ya Waitalia.

Wengi wao hawakuwa na sauti za kusifiwa. Paoli anaimba kama mtu aliyeamshwa usingizini. Msikilizaji alipata kitu kingine: aliamini kwamba anayesema ndiye aliyeyaona anayoyasema. Wimbo wa mapenzi uliacha kuwa vazi la kuazima.

Kisha likaja la Tenco. Januari 1967 alishiriki Sanremo, wimbo wake ukatolewa mashindanoni, na usiku huohuo akakutwa amekufa chumbani mwake hotelini, mwenye umri wa miaka 28. Uchunguzi ulisema amejiua, na barua aliyoiacha ilikuwa ya kulalamikia uamuzi wa waliochagua nyimbo. Sipendi jinsi kifo hicho kinavyopambwa, kana kwamba kujiua ni hoja ya sanaa. Ila ni kweli kwamba baada yake Italia haikuweza tena kuzichukulia nyimbo kama peremende. Mwaka 1972 Amilcare Rambaldi na wenzake walianzisha chama kwa jina la Tenco, na tangu 1974 chama hicho hutoa tuzo kwa watunzi wanaoimba, tena palepale Sanremo.

Sasa lawama yangu. Wengi wa waungwana hawa wanachosha. Nasema hivi nikiwa mpenzi wao. Ukikaa na santuri za wakati ule jioni nzima utasikia gitaa linadonolewa, linadonolewa, na mwalimu mmoja mwenye ndevu anakuhutubia. Mfano wangu ni Francesco Guccini, ambaye najua ana wafuasi humu. “La locomotiva” ya mwaka 1972 inasimulia kisa cha kweli cha Pietro Rigosi, mfanyakazi wa reli ambaye Julai 1893 aliteka kichwa cha treni na kukikimbiza kuelekea stesheni ya Bologna, kikagonga mabehewa yaliyosimama. Rigosi alipona, akakatwa mguu. Ni kisa gani kizuri kuliko hicho? Guccini anakisimulia kwa zaidi ya dakika nane, ubeti juu ya ubeti, na muziki hauongezi neno lolote ambalo maneno hayajalisema. Treni inakwenda mbio katika mashairi tu.

Hoja ya pili: Bendi zenye kila kitu ila la kusema

Upande wa bendi hali ilikuwa kinyume. Vijana wa Italia waliupenda mno ule muziki wa roki wenye mapindo mengi uliotoka Uingereza, pengine kuliko Waingereza wenyewe. Santuri ya Van der Graaf Generator iitwayo “Pawn Hearts” ilishika nambari moja Italia mwaka 1972, ilhali kwao hakuna aliyegeuka kuitazama. Genesis nao walishangiliwa Italia kabla hawajawa wakubwa nyumbani.

Wenyeji wakajibu. Premiata Forneria Marconi (PFM) wa Milano, waliochukua jina lao kwenye duka la kuoka mikate, walitoa santuri mbili mwaka 1972 pekee. Banco del Mutuo Soccorso wa Roma walitoa “Darwin!” mwaka huohuo, santuri nzima juu ya nadharia ya asili ya viumbe, ikiimbwa na Francesco Di Giacomo, jitu la ndevu lenye sauti ya opera. Venice kulikuwa na Le Orme. Kwa ufundi wa vidole sidhani kama bara la Ulaya lilikuwa na wapigaji bora zaidi.

Lakini sikilizeni maneno yao. Ukungu, msitu, mtu mpweke, nyota. Ukiyasoma bila muziki unapiga miayo. Na ushahidi mkubwa uko kwenye wimbo bora kabisa wa PFM, “Impressioni di settembre”, ule wenye kinanda cha Moog kinachopanda kama jua la asubuhi. Katika mashairi yake pana mkono wa nani? Mogol, mtu wa nje, aliyekuwa akimwandikia mwimbaji Lucio Battisti. Bendi ilipopata maneno ya kweli ikapata wimbo wa kudumu. Mwaka 1973 walipotaka kutoka nje walisajiliwa na kampuni ya bendi ya Emerson, Lake and Palmer, na Peter Sinfield, aliyekuwa mshairi wa King Crimson, akaziandikia nyimbo zao maneno mapya ya Kiingereza. Santuri ikaingia hata kwenye orodha ya Billboard kule Marekani, chini kabisa, lakini ikaingia. Mimi naona walilipa ghali. Sauti ile ilizaliwa na irabu za Kitaliano, na ukiivua irabu hizo inabaki bendi nzuri ya Kiingereza iliyochelewa kufika.

Bendi moja naitoa katika lawama hii, nayo ni Area. Mwimbaji wao, Demetrio Stratos, alizaliwa Aleksandria, Misri, kwa wazazi Wagiriki. Aliweza kutoa sauti zaidi ya moja kwa wakati mmoja kutoka koo moja, mpaka watafiti wa Padova wakampima kwa mitambo. Area walikuwa na la kusema, na walilisema kwa hasira. Stratos alifariki New York tarehe 13 Juni 1979, akiwa na miaka 34. Siku ya pili yake lilifanyika Milano tamasha lililokuwa limepangwa ili kuchanga fedha za matibabu yake. Watu wakaja wakaimba hivyohivyo.

Hoja ya tatu: Wasikilizaji waliogeuka mahakimu

Hapa niwaombe mniazime dakika chache za siasa, maana bila hizo hoja ya nne haina uzito.

Tarehe 5 Julai 1971, Led Zeppelin walipiga katika uwanja wa Vigorelli, Milano. Nje polisi na vijana walipambana, moshi wa kutoa machozi ukaingia ndani, bendi ikakimbia jukwaa, na haikurudi Italia tena. Miaka iliyofuata makundi ya mrengo wa kushoto yalishika msimamo kwamba muziki ni wa watu, basi usilipiwe. Walivunja mageti. Mwaka 1977 Santana alirushiwa mabomu ya petroli palepale Vigorelli. Wasanii wa nje wakaacha kuja, na ukame huo ulikatika hasa Septemba 1979, Patti Smith alipoimba Bologna na Florence mbele ya umati mkubwa.

Wasanii wenyeji nao hawakupona. Tarehe 2 Aprili 1976, Francesco De Gregori, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa Milano, ukumbi wa Palalido. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa “Rimmel”, santuri iliyouzwa sana. Vijana wakamlazimisha arudi jukwaani wakamfanyia kesi. Amelipwa kiasi gani usiku ule? Kama ni mwenzao, mbona fedha hizo hawapi wafanyakazi? Mmoja akamshauri ajiue kama mshairi wa Kirusi Mayakovsky. De Gregori alitikisika akajiweka kando ya majukwaa kwa muda.

Mimi katika kesi ile namtetea mshtakiwa. Wale vijana walitaka wimbo uwe karatasi ya kugawa mkutanoni, na “Rimmel” ni santuri ya mambo ya moyo yaliyosemwa kwa mafumbo. Mswahili anayejua fumbo la kanga lina kazi gani asingempandisha mtu kizimbani kwa sababu ya kusema kwa kuficha. Lakini jambo moja wale washitaki walilihisi sawasawa: kwamba kati ya mwimbaji aliyekaa peke yake kwenye taa na maelfu waliokaa gizani palikuwa na pengo. Walikosea njia ya kuliziba.

Hoja ya nne: Januari 1979

Nimefika nilipokuwa napataka.

Fabrizio De André alizaliwa Genova mwaka 1940, katika familia yenye uwezo, akaandika juu ya makahaba, wanajeshi waliotoroka vita, wezi na walionyongwa. Mwaka 1967 mwimbaji Mina aliimba “La canzone di Marinella” aliyoitunga yeye, na kutoka hapo jina lake likavuma. Mwaka 1970 alitoa “La buona novella”, iliyosimulia maisha ya Maryamu na Yusufu kutoka katika zile injili ambazo makanisa hayakuziingiza kwenye Biblia. Mle mna Maryamu mdogo akilelewa hekaluni, kisa ambacho aliyesoma Sura ya Aal Imran hatakiona kigeni. Nawaambia kwa ujasiri kwamba kwa upande wa maneno ndiyo santuri bora ya Italia. Na waliopiga ala kwenye santuri ile walikuwa kundi la I Quelli, vijana wa kukodishwa studioni, ambao muda mfupi baadaye walijiita Premiata Forneria Marconi.

Kwa hiyo walijuana. Ila De André aliogopa jukwaa vibaya sana. Alianza kufanya maonyesho ya kawaida mwaka 1975 tu, akiwa na miaka 35. Mwaka 1978 alikuwa analima na kufuga Sardinia. PFM walipopita kisiwani kupiga, mpiga dramu wao, Franz Di Cioccio, alimtolea wazo: tuzunguke pamoja, nyimbo ni zako, mavazi yake tuyashone sisi. Wengi wa waliomzunguka De André walimkataza. Mshairi kusimama mbele ya bendi ya umeme, katika Italia ile niliyoieleza? Akakubali. Walianza safari Desemba 1978, na maonyesho ya Januari 1979 ya Florence na Bologna yalirekodiwa yakatolewa kwa santuri.

Nichukue nyimbo tatu tu.

“Zirichiltaggia” imetungwa kwa lahaja ya kaskazini mwa Sardinia, na ndani yake ndugu wawili wachungaji wanagombana kwa ajili ya urithi. Hata Mwitalia wa bara haelewi sana. Fidla ya Lucio Fabbri inaingia mbio, inamkatiza mwimbaji, inamjibu, nawe usiyejua neno hata moja unajua kwamba hapa pana ugomvi wa mirathi. Nadhani hakuna mtu katika ukumbi huu anayehitaji kufafanuliwa ugomvi wa mirathi unavyosikika.

“Amico fragile” aliitunga baada ya karamu moja ambamo watu walimtaka apige gitaa awaburudishe, wakakataa kuzungumza naye mambo ya maana. Maneno ni mazito, yamefungana, mengine hayafunguki. Pale De André anaponyamaza, Franco Mussida anaingia na gitaa la umeme na kuendelea kwa muda mrefu. Ni kile ambacho mtu yule alitaka kukisema kwenye karamu asiweze. Bendi haikupamba shairi hapo, ililimalizia.

Ya tatu ni “Il pescatore”. Mvuvi mzee amelala ufukweni. Anamjia muuaji anayekimbia, ana njaa na kiu. Mzee anampa mkate na divai bila kumuuliza lolote. Baadaye wanafika askari wawili kuulizia, naye mzee hatoi jibu. Katika rekodi ya mwaka 1970 ni wimbo wa taratibu. PFM waliutia mdundo wa roki, na umati ukapiga makofi tangu mwanzo mpaka mwisho. Kuna wanaosema hivyo ni kuuharibu, kwamba kisa cha damu kimegeuzwa cha kuchezea. Siafikiani nao hata kidogo. Ulipokuwa ukiimbwa na mtu mmoja, mvuvi ndiye aliyemficha muuaji. Ulipoimbwa na watu elfu kadhaa wanaopiga makofi, wote wale walishiriki kumficha. Pengo lile la Palalido lilizibwa kwa mdundo, bila mtu kumfanyia mwenziwe kesi.

Atatokea wa kuniambia sauti ya De André, nzito na tulivu vile, ilijitosha. Ilijitosha, ndiyo, kwa msikilizaji mmoja aliye chumbani kwake. Baada ya ile ziara De André mwenyewe hakurudi kwenye gitaa tupu. Hata tukio baya halikumrudisha: Agosti 1979 yeye na mwenzi wake Dori Ghezzi, naye mwimbaji, walitekwa nyara Sardinia, wakashikiliwa milimani hadi Desemba, fidia ikalipwa. Aliwasamehe walinzi waliowashika, lakini si waliopanga. Mwaka 1984 alitoa “Crêuza de mä” pamoja na Mauro Pagani, aliyekuwa mpiga fidla na filimbi wa PFM. Santuri nzima ni Kigenova, lugha ya mabaharia, na ndani yake mna udi, buzuki na saz. Mna wimbo juu ya Sidon, Lebanon, baba aliyempoteza mtoto katika vita vya 1982. Wapiga udi mlioko hapa, isikilizeni ile kabla ya zote. Mtaona mkono mnaoujua umetembea mbali.

Kuhusu waliofuata nitasema kwa haraka. Lucio Dalla na De Gregori walijaza viwanja vya mpira kwa ziara ya “Banana Republic” mwaka 1979. Dalla ndiye mwanamuziki kamili kuliko wote niliowataja, alikuwa mpiga klarineti wa jazi kabla ya yote, na angestahili mhadhara wake. Franco Battiato alitoka kwenye muziki wa majaribio, na “La voce del padrone” ya mwaka 1981 ikawa santuri ya kwanza ya Kitaliano kupita nakala milioni moja. Vasco Rossi aliuza tiketi zaidi ya 220,000 kwa onyesho moja, Modena, tarehe 1 Julai 2017. Namheshimu, ila nikisikia nyimbo zake mbili nimeshiba. Na Måneskin, walioanza kwa kupiga barabarani Via del Corso, Roma, wakashinda Eurovision mwaka 2021 kwa wimbo wa Kitaliano: wanapiga vizuri, wanavaa vizuri zaidi, na maneno yao yananirudisha kwenye hoja yangu ya pili.

Mwenyekiti ananitazama, basi niseme la mbele yetu.

Kumbukumbu ya ziara ile ya De André na PFM inazidi kupatikana. Mkanda wa picha wa onyesho la Genova la tarehe 3 Januari 1979 ulidhaniwa umepotea. Ukapatikana, na Walter Veltroni akautengenezea filamu iliyotoka mwaka 2020. Kwa hiyo hamna haja ya kuniamini mimi, mnaweza kuwatazama wenyewe wakipiga.

Ombi langu ni kwa vijana wa mji huu. Kitaliano mnacho, wengi wenu mmekiokota ufukweni na mahotelini bila kulipa karo. Mmekitumia kuuza safari za mashua na vinyago, na hilo si dhambi. Sasa kitumieni kufasiri. Anzeni na “Il pescatore”, mtafsiri kwa vina na mizani kamili, si kwa nathari iliyokatwakatwa, kisha mpeni mpiga udi na mpiga dramu wa hapa waushughulikie watakavyo. Mkiwa tayari niiteni, nitakuja kwa nauli yangu.

Maswali yanakaribishwa, na aliyekuja kumtetea Guccini aanze yeye.